Lebo imetoka, mzigo haujatoka: kisa cha kuunganisha dawati la mizigo na hifadhidata ya biashara

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea mwanzoni mwa mwaka 2024 katika duka moja la jumla jijini Dodoma, ambako niliitwa kama fundi wa mifumo. Majina ya duka, ya watu na ya programu zilizotumika yameondolewa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mhusika yamebadilishwa. Mfuatano wa matukio na sababu za kiufundi vimeachwa kama vilivyokuwa, pamoja na makosa yangu mwenyewe, ambayo ndiyo yenye la kujifunza zaidi.

Mandhari

Duka linauza vipuri vya pampu za visima na vya mashine za kusaga: impela, sili, beringi, mikanda, nyundo na chekeche. Wateja wake wengi hawaishi Dodoma mjini. Ni mafundi na wenye maduka madogo wa Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Manyoni na Singida, wanaoagiza asubuhi kwa simu, wanalipa kwa simu, na kutarajia mzigo ushuke na basi siku hiyohiyo. Siku ya kawaida hutoka maboksi kati ya 50 na 80, na msimu wa mavuno, mashine za kusaga zinapofanya kazi mfululizo, idadi hiyo hupita 100.

Kuna njia mbili za kutuma. Ya kwanza ni kampuni za vifurushi, ambazo hutoa namba ya ufuatiliaji mapema. Ya pili, inayobeba sehemu kubwa ya mizigo, ni mabasi ya abiria. Kijana wa duka hupakia maboksi kwenye bajaji hadi Stendi ya Nanenane, wakala wa basi huandika stakabadhi kwa mkono, na kijana hurudi na kipande cha karatasi chenye namba ya stakabadhi, namba ya usajili wa basi na simu ya kondakta. Kwa mzigo wa basi, kipande hicho ndicho namba ya ufuatiliaji, na hakipo duniani mpaka boksi likabidhiwe stendi. Msomaji alishike jambo hilo, kwa kuwa ndilo lililokuja kutuumbua.

Mfumo wa biashara wa duka ulitengenezwa na mtaalamu wa hapa nchini, na hifadhidata yake ni MySQL iliyokaa kwenye seva nyuma ya kaunta. Humo mna wateja, oda, ankara, stoo na madeni, na risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki ya kodi, hutolewa kutokana na ankara za humo. Dawati la mizigo lilikuwa upande wa pili wa ukuta, bila uhusiano wowote na seva hiyo. Mfungashaji, dada aliyekuwa na miaka mingi kazini, alipokea ankara iliyochapwa, akaandika jina na simu ya mteja juu ya boksi kwa kalamu ya wino mzito, kisha akanakili yote kwenye kauntabuku. Jioni mhasibu alilinganisha kauntabuku na ankara mstari kwa mstari. Tarakimu moja ya simu ikikosewa, boksi lililala stendi ya Manyoni bila mwenyewe kujulikana.

Kilichotakiwa

Mwenye duka alikuwa ameshanunua programu ya dawati la mizigo iliyotengenezwa nje ya nchi, pamoja na mizani ya kompyuta, skana na printa ya lebo za milimita 100 kwa 150. Alitaka mfungashaji askani namba ya oda, jina na simu vijitokeze vyenyewe kutoka kwenye mfumo, uzito usomwe na mizani, lebo itoke, na taarifa za kutumwa zirudi kwenye oda bila mtu kuandika tena. Ombi lilikuwa la busara na programu iliweza kulitimiza, kwani ilikuja na njia ya kuzungumza na hifadhidata yoyote kupitia kiunganishi cha ODBC: inasoma rekodi kwa namba ya oda, na baada ya kazi inaandika majibu kwenye safu utakazoichagulia.

Uunganishaji wa kwanza

Asubuhi nzima ya kwanza iliishia kwenye jambo dogo la aibu. Programu ilikuwa ya biti 32, kompyuta ilikuwa na Windows ya biti 64, na kiunganishi nilichosajili hakikuonekana ndani ya programu hata nilipokisajili mara tatu. Windows ya namna hiyo ina vifaa viwili vya kusajili viunganishi vya ODBC, vyenye jina moja la faili, odbcad32.exe. Kile cha biti 64 kimo kwenye folda ya System32 na kile cha biti 32 kimo kwenye folda ya SysWOW64, yaani majina ya folda yamekaa kinyume na mtu anavyotarajia. Nilikuwa nikisajili upande usiosomwa na programu yangu.

Kulinganisha safu za pande mbili kulikuwa na mitego yake. Programu ilichukulia simu kuwa namba ya kuhesabika, ikala sifuri ya mwanzo, hivyo 07 ikageuka 7; dawa ilikuwa kuitangaza safu hiyo kuwa maandishi. Ilikataa pia kuendelea bila msimbo wa posta. Tanzania ina misimbo ya tarakimu tano, na ile ya Dodoma huanza na 41, lakini fundi wa pampu anayepokelea mzigo stendi hajui wake wala hana kazi nao. Tukajaza sifuri tano na kusonga mbele. Mizani ilikuwa imewekwa kwenye ratili za Kimarekani, na boksi la kilo 10 likasomeka 22.05, kosa ambalo mfungashaji aliliona kwa mkono wake kabla mimi sijaliona kwenye skrini.

Uamuzi mzito ulihusu kuandika majibu. Programu ilikuwa tayari, punde lebo inapochapwa, kwenda moja kwa moja kwenye jedwali la oda, kujaza uzito, na kubadili safu ya hali kuwa "imetumwa". Mtaalamu aliyeutengeneza mfumo alinieleza kwamba safu hiyo ikibadilika tu, mfumo wake hufanya mengine yote wenyewe: hupunguza bidhaa stoo, hufunga oda, na humtumia mteja ujumbe wa simu kwamba mzigo umeondoka. Nikaona ni bahati, kwani sehemu chache humaanisha vitu vichache vya kuharibika, na mwenye duka alitaka kazi iishe kabla ya msimu. Programu ikapewa ruhusa ya kusoma na kuandika jedwali lote la oda. Uamuzi huo ulikuwa wangu.

Siku 11 za mwanzo

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri kiasi cha kumfanya mhasibu aifunge kauntabuku kabatini. Siku ya tatu kaunta iliganda. Keshia alikuwa akipokea malipo ya mteja aliyesimama mbele yake, skrini ikatulia karibu dakika nzima, kisha likatoka kosa namba 1205. Wakati huohuo, upande wa pili wa ukuta, karatasi ya lebo ilikuwa imeisha katikati ya kazi na mfungashaji alikuwa amekwenda stoo kutafuta rola nyingine. Programu, ikishasoma oda, huishikilia mpaka lebo itoke ili mtu mwingine asiibadilishe, jambo ambalo kwa oda moja lisingemzuia keshia aliyekuwa na oda nyingine. Ila namba ya oda inayochapwa kwenye ankara haikuwa na faharasa, yaani orodha ya kutafutia rekodi haraka, katika hifadhidata, kwani ufunguo wa jedwali ulikuwa namba nyingine ya ndani. MySQL inapotafuta rekodi ya kuifunga, yaani kuizuia isiguswe na mwingine, bila faharasa hulazimika kupitia jedwali zima, na hufunga kila rekodi inayoipitia. Anayesubiri hupewa sekunde 50, kisha hufukuzwa. Rola ya lebo iliyoisha ilikuwa imefunga duka lote.

Tukaweka faharasa siku hiyohiyo, tukadhani tumemaliza.

Miezi ile umeme ulikuwa bado wa mgao. Seva ilikuwa na betri ya akiba, dawati la mizigo halikuwa nayo. Siku ya sita umeme ulikatika lebo ikiwa imeshatoka, lakini programu haijaandika majibu. Uliporudi, oda ilionekana haijaguswa, mfungashaji akaanza upya, na oda ya maboksi matatu ikapata lebo mbili za "boksi 1 kati ya 3" na kukosa moja ya "3 kati ya 3". Yeye aliligundua, akachana lebo ya ziada na kuandika ya tatu kwa kalamu. Hakuniambia. Aliona ni sehemu ya kazi, kama alivyozoea kusahihisha ankara kwa miaka yote.

Siku ya 11 ikaja simu ya Kondoa. Fundi mmoja alikuwa ameagiza sili na beringi za pampu ya kisima cha kijiji, kijiji ambacho hakikuwa na maji kwa siku ya pili. Saa 3 asubuhi alipokea ujumbe: mzigo wako umeondoka. Akapanda bodaboda kutoka kijijini hadi Kondoa mjini, akangoja basi la kwanza, likafika. Akangoja la pili. Kisha akapiga simu kaunta. "Dada, mabasi mawili yameshapita, makondakta wote wanasema hawana mzigo wangu. Nyie mmeutuma na basi gani?" Keshia akafungua mfumo, ukasema umetumwa. Mtunza stoo akaangalia stoo, ukasema bidhaa zimetoka. Mfungashaji akageuza kichwa, na boksi lilikuwa sakafuni nyuma yake, limefungwa vizuri, lina lebo, linasubiri bajaji ya mzunguko wa mchana.

Hakuna aliyekosea kazi yake. Kwa programu ya nje, lebo ikitoka mzigo umetumwa, kwa kuwa huko ilikotengenezwa gari la kampuni ya vifurushi hupita jioni na kubeba kila chenye lebo. Kwa mfumo wa biashara, neno "imetumwa" lilimaanisha mzigo uko barabarani. Mimi ndiye niliyeunganisha maneno mawili kwa sababu yanafanana, bila kumuuliza aliyeshika boksi lini hasa huliona limeondoka.

Maamuzi ya marekebisho na sababu zake

Jioni ile tulirudisha kauntabuku mezani, tukazima uandishi wa moja kwa moja, na kuacha programu isome na kuchapa lebo tu. Marekebisho yalichukua takriban wiki tatu, sehemu kubwa yake ikiwa mazungumzo.

Jambo la kwanza tuliloamua ni kuorodhesha kila taarifa na kuipa mwenyewe mmoja. Jina, simu na bidhaa ni mali ya mfumo wa biashara, na dawati la mizigo halina ruhusa ya kuvigusa; simu ikiwa na kosa hurekebishwa kaunta. Uzito na idadi ya maboksi ni mali ya dawati. Kuondoka kwa mzigo wa basi ni mali ya kijana wa stendi, ambaye kwenye mchoro wangu wa kwanza hakuwemo kabisa.

Kutokana na hilo, hali moja ikawa mbili: "limefungwa" na "limekabidhiwa". Lebo ikitoka, oda hupata hali ya kwanza, bidhaa huhama kutoka rafu kwenda eneo la kusubiri katika hesabu za stoo, na mteja haambiwi kitu. Ujumbe hutoka hali ya pili inapoingizwa, ukiwa na namba ya basi na simu ya kondakta. Mizigo ya kampuni za vifurushi hupata hali ya pili mchukuzi wao anaposaini orodha dukani.

Tulijadili kwa muda namna ya kuifikisha stakabadhi ya stendi kwenye mfumo. Mtaalamu wa mfumo alipendekeza ukurasa ambao kijana angeujaza kwa simu akiwa Nanenane. Nilipinga, kwa sababu ingetulazimu kuifungulia intaneti seva yenye madeni ya wateja wote kwa ajili ya safu tatu tu. Badala yake, kijana hupiga picha ya stakabadhi na kuituma dawatini kwa WhatsApp, na mfungashaji huskani lebo ya boksi kwenye nakala aliyobaki nayo, kisha anaandika namba tatu. Kuna mtu anayeandika, naam, kinyume na ndoto ya mwenye duka, lakini anaandika kitu ambacho hakikuwa kimeandikwa popote kabla.

Programu ya dawati haikurudishiwa ruhusa ya jedwali la oda. Ilipewa akaunti yake ya hifadhidata inayoweza kusoma mwonekano mmoja, yaani dirisha la kusomea sehemu tu ya taarifa, wenye safu nane za oda zinazongoja kufungwa, na kuandika kwenye jedwali moja la kungojea. Kila dakika mfumo wa biashara hulipitia jedwali hilo, hukagua, na wenyewe ndio huibadili oda. Hivyo dawati haliwezi tena kufunga kaunta hata rola zote zikiisha, na halioni bei wala madeni. Tulizingatia pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023: hapakuwa na sababu ya kuonyesha orodha nzima ya wateja kwenye kompyuta iliyo karibu na mlango wa kupakilia. Mwonekano huohuo ndio unaoficha oda isiyo na namba ya risiti ya EFD, ili boksi lisifungwe bila risiti ndani.

Jedwali la kungojea lilipewa ufunguo wa namba ya oda pamoja na namba ya boksi. Lebo ya boksi lilelile ikichapwa mara ya pili, rekodi ileile hujiandika upya na kuhesabu uchapaji, haizai nyingine. Tuliongeza na hatua ya kufuta, ambayo tuliisahau kabisa mwanzoni: oda ikiahirishwa baada ya kufungwa, dawati huandika kwamba boksi limefunguliwa, na bidhaa hurudi rafuni.

Suala la saa lilituchekesha kabla ya kutuudhi. Programu ilikuwa na sehemu ya saa ya kuondoka, na katika siku za mwanzo mfungashaji alijaza kama anavyosema kila Mswahili: basi la saa 12 asubuhi akaandika 12:00, la saa 2 akaandika 02:00. Ripoti ya kwanza ya mwenye duka ikaonyesha mizigo iliyoondoka saa sita baada ya basi lake, na mingine iliyoondoka kabla haijafungwa. Kumtaka kila mtu aongeze sita kichwani ni kutafuta makosa mapya, hasa tangu mabasi yaliporuhusiwa tena mwaka 2023 kusafiri usiku, ambapo saa 6 usiku hubadilisha hata tarehe. Tuliondoa sehemu hiyo. Sasa dawati huchagua basi kwenye orodha iliyoandikwa "saa 12 alfajiri" au "saa 2 usiku", na mfumo hugeuza wenyewe.

Mizani nayo ilihitaji neno moja. Ilikuwa ikituma herufi ST uzito ukitulia na US ukiwa bado unacheza, lakini programu ilichukua namba ya kwanza iliyofika bila kujali herufi. Nilibadili mpangilio isome zenye ST pekee. Na dawati likanunuliwa betri ya akiba, jambo ambalo lingefanywa siku ya kwanza kama ningeuliza mgao wa umeme mtaani pale ni saa ngapi.

Matokeo

Mfumo mpya ulianza Aprili. Kauntabuku iliendelea sambamba kwa wiki mbili kwa agizo la mhasibu, na aliifunga alipoona siku sita mfululizo hazina tofauti. Kazi yake ya jioni ya kulinganisha, iliyokuwa ikimchukua zaidi ya saa nzima, ikabaki kuangalia orodha fupi ya maboksi yaliyofungwa bila kukabidhiwa. Orodha hiyo haikupangwa tangu mwanzo. Ilizaliwa na hali mbili, na mwenye duka sasa huiangalia kabla ya kitu kingine.

Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti kuzorota nchini, picha za WhatsApp zilichelewa kufika. Kijana alirudi na karatasi zake kama zamani, mfungashaji akaziingiza kwa mkupuo, na kwa kuwa vingine vyote vilikuwa ndani ya duka, lebo hazikusimama hata mara moja. Wateja walipata ujumbe kwa kuchelewa, lakini walipata ujumbe wa kweli.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni jedwali la kungojea. Linaonekana kama mzunguko usio na lazima, na ndivyo nilivyolitazama mwanzoni, lakini liliipa pande zote mbili uhuru wa kuharibika peke yake. Programu ya nje ilipoboreshwa na watengenezaji wake miezi michache baadaye na kubadili namna inavyoandika tarehe, rekodi zilikwama kwenye jedwali hilo zikiwa na alama ya kosa, na hakuna oda hata moja iliyoguswa. Katika mpangilio wa kwanza tarehe hizo mbovu zingeingia moja kwa moja kwenye vitabu vya duka.

Kuhusu kilichoshindwa, ningependa kulaumu haraka ya msimu, lakini haitoshi. Nilitumia siku nne kwenye safu, herufi na viunganishi, na chini ya saa moja kumtazama mfungashaji akifanya kazi. Stendi sikwenda kabisa mpaka baada ya simu ya Kondoa. Nilipokwenda na kuona wakala akiandika stakabadhi juu ya paja lake, basi likiwa limeshawashwa, nilielewa mara moja kwamba hakuna programu ambayo ingejua namba ile mapema. Safari ya bajaji ya nusu saa ingeokoa wiki tatu.

Kosa la pili ni kwamba hatukumwekea mfungashaji njia ya kusema. Lebo zilizojirudia alizisahihisha kimyakimya, na ustadi wake ukatuficha hitilafu kwa siku tano. Katika mpangilio wa sasa kila uchapaji wa pili unaonekana kwenye orodha, si kwa ajili ya kumkamata mtu, ila kwa sababu dada huyu hatalalamika kuhusu jambo analoweza kulirekebisha kwa kalamu.

Bado kuna pengo moja. Stakabadhi za stendi huandikwa kwa mkono, na 1 na 7 za baadhi ya mawakala hazitofautiani. Tumelazimisha namba ya basi ichaguliwe kwenye orodha ya yale yanayotumika mara kwa mara, lakini namba ya stakabadhi haina cha kulinganishwa nacho. Kwa sasa picha yenyewe huhifadhiwa pamoja na oda, na mteja akipiga simu, keshia huifungua na kumsomea.